Mgonjwa wa Akili Naye Amekuja Dharura: Barua ya Wazi kwa Bodi ya Hospitali

Kwa Mwenyekiti wa Bodi ya Hospitali,
Mkurugenzi Mkuu,
na Mkuu wa Idara ya Dharura.

YAH: HUDUMA KWA WAGONJWA WANAOFIKA NA DHARURA YA AFYA YA AKILI

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Hii ni barua yangu ya nne kwenu, na ni ya kwanza kusomwa na watu wengine. Ya kwanza iligongwa muhuri wa kupokelewa ikaishia hapo. Ya pili haikujibiwa. Baada ya ya tatu niliitwa, nikakaa nje ya ofisi tangu asubuhi hadi adhuhuri, kisha nikaelezwa kwamba faili la mdogo wangu halionekani, na kwamba familia ingepaswa kushukuru mgonjwa yuko hai. Ninashukuru, kila siku ninayoamka na kumsikia akikohoa chumba cha pili. Lakini niliyoyauliza bado hayajajibiwa, ndiyo maana leo naandika hadharani.

Sitaitaja hospitali kwa jina wala mtumishi yeyote. Sitafuti mtu afukuzwe kazi. Wauguzi niliowaona usiku ule walikuwa wawili kwa ukumbi mzima, na mmoja wao alikuwa anakula mkate amesimama kwa sababu hakuwa na nafasi ya kukaa. Ninachoomba ni utaratibu ubadilike, na utaratibu uko mikononi mwenu.

Mdogo wangu ana miaka 24. Alikuwa hajalala siku nne mfululizo. Usiku kucha alitembea chumbani akizungumza na watu tusiowaona, na jioni ya siku ya nne alimwambia mama, kwa sauti tulivu kabisa, kwamba hataki kuiona kesho. Utulivu ule ulitutisha kuliko kelele zote za siku zilizotangulia. Tulifika kwenu saa mbili usiku, tukaondoka kesho yake saa tisa alasiri. Katika saa hizo 19, mtu pekee aliyemuuliza jina lake ni mama anayefanya usafi.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Hakupimwa chochote

Pale mapokezi nilianza kueleza. Sijafika hata nusu, kijana aliyekuwa mezani akafunga daftari: "Huyu ni wa akili, mkae kule mwisho." Kule mwisho ni benchi la ukumbini, karibu na stoo ya ndoo na madekio. Waliokuja nyuma yetu, mwenye kifundo cha mguu kilichovimba, mwenye kikohozi, walipimwa joto na presha palepale. Sisi tulipitwa.

Mtu kuongea na asiyeonekana hakuthibitishi kwamba ugonjwa wake ni wa akili. Sukari ikishuka sana mwilini, mtu huchanganyikiwa, na wengine hupigana. Homa ya uti wa mgongo humfanya mtu aweweseke. Jeraha la kichwa, kifafa, sumu, upungufu wa oksijeni, vyote vinaweza kuja na sura hiyohiyo. Mtu aliyezoea pombe nyingi akiiacha ghafla anaweza kuona wadudu ukutani, na asipotibiwa anaweza kufa. Mzee anaweza kuchanganyikiwa kwa usiku mmoja kwa sababu ya maambukizi ya njia ya mkojo tu. Kupima sukari ni tone moja la damu kwenye ncha ya kidole. Ukiongeza joto, mapigo, presha na oksijeni, hazizidi dakika tano.

Nilijibiwa kwa mdomo kwamba usiku ule bingwa wa magonjwa ya akili hakuwepo. Jibu hilo halisimami. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uitwao mhGAP, uliotolewa mwaka 2010 na kuboreshwa mwaka 2016, uliandikwa makusudi kwa ajili ya wahudumu wasio mabingwa wa akili, na unawaelekeza waanze kwa kutafuta sababu za mwilini. Kipimajoto hakihitaji bingwa.

2. Mahali tulipowekwa palimzidishia ugonjwa

Juu ya benchi lile kuna taa ya tyubu inayopepesa na kutoa mlio. Kwa mtu mwenye akili iliyotulia ni kero ndogo. Mdogo wangu aliikodolea macho kwa saa nne, mwishowe akaanza kuijibu. Niliomba mara mbili tuhamishwe. Niliambiwa hakuna chumba, na kwamba wodi ya akili imejaa, kwa hiyo tungoje.

Nimesikia neno "wodi imejaa" mara nyingi mno tangu siku ile, hata nikaanza kutafuta kujua wengine wanafanyaje wodi zao zikijaa. Katika jimbo la California, Marekani, kipo kituo cha dharura za akili kinachopokea wagonjwa kutoka hospitali kadhaa za jirani na kuanza kuwatibu wanapofika tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba wagonjwa wa hospitali hizo walisubiri kupelekwa huko chini ya saa mbili kwa wastani, na robo tatu yao hawakuhitaji kulazwa. Walitulia, wakapangiwa matibabu, wakarudi nyumbani. Kumbe foleni ya kitanda tuliyoambiwa tupange pengine haikuwa yetu. Tulihitaji mtu wa kuanza kumtibu saa ileile, na mahali penye utulivu.

3. Alifungwa, akachomwa sindano, akaachwa

Hapa naomba mnivumilie, kwa kuwa ndipo ninapokosa usingizi.

Karibu na saa sita usiku aliinuka. Hakumgusa mtu. Alisema anakwenda kuizima taa. Sikumwelewa, na mimi mwenyewe nilikuwa wa kwanza kumshika mkono, hilo ninalibeba. Walinzi wawili wakaja mbio, wakamlaza kifudifudi sakafuni, mmoja akamwekea goti mgongoni. Alipiga kelele kwamba hapumui. Akachomwa sindano, akanyanyuliwa kwenye machela, mikono yake ikafungwa kwa bendeji kwenye vyuma vya pembeni. Fundo lilikazwa hadi vidole vikavimba, na pete aliyoachiwa na marehemu baba ikazama kwenye nyama. Nilijaribu kupenyeza kidole changu cha mwisho kati ya bendeji na ngozi, hakikupita. Kwenye karatasi iliyotundikwa miguuni pa machela mtu aliandika neno moja kwa kalamu nyekundu: FUJO.

Alifunguliwa saa tatu asubuhi. Katika saa hizo tisa hakuna aliyekuja kutazama mikono yake.

Sindano ilimlegeza mwili, lakini macho yalibaki wazi yakiitazama ile taa. Saa kumi na moja alfajiri akapita mama wa usafi na ndoo yake. Hakumsogelea sana. Alisimama upande wa miguu, mahali mdogo wangu angeweza kumwona bila kupinda shingo.

"Baba, unaitwa nani?"

Akamtajia.

"Mbona unaiangalia sana hiyo taa?"

"Inanisema."

Hakucheka, wala hakumbishia. Alikwenda ukutani akabonyeza swichi. "Na sasa?"

Mdogo wangu alikaa kimya kidogo, anasikiliza. "Imenyamaza," akasema, na akafumba macho. Ulikuwa usingizi wake wa kwanza katika siku zile zote. Swichi ile iko hatua nane kutoka meza ya mapokezi. Nilizihesabu nilipokuwa natoka.

Nilipolieleza hili ofisini niliambiwa kwamba wagonjwa wa aina hii ni hatari, na kwamba wauguzi wamewahi kupigwa. Ninaamini wamepigwa. Muuguzi ana haki ya kurudi nyumbani akiwa mzima kama mtu yeyote, na sitaki mabadiliko yatakayomwacha peke yake na mtu anayerusha ngumi. Lakini njia ya kwanza ya kumlinda inafahamika, na inafundishika. Mwaka 2012 wataalamu wa dharura za akili nchini Marekani walitoa mwongozo wa kumtuliza mgonjwa kwa maneno. Kaa umbali wa angalau mikono miwili. Aongee mtu mmoja tu. Sema kwa sentensi fupi, rudia, mpe nafasi ya kuelewa. Muulize anataka nini. Usibishane naye juu ya anachokiona. Mpe vitu viwili achague. Mama yule aliyafanya karibu yote haya kwa dakika mbili, ameshika dekio.

Na ikitokea kweli hakuna njia nyingine, kumzuia mgonjwa kuna masharti yake. Mtu aliyelazwa kifudifudi huku akikandamizwa mgongoni anaweza kufa kwa kukosa hewa. Vifo hivyo vimetokea katika nchi nyingi na vinajulikana. Anazuiwa kwa muda mfupi iwezekanavyo, mtu akiwa kando yake muda wote, damu inakaguliwa kama inafika vidoleni, na saa ya kuanza na ya kumaliza inaandikwa. Nina hakika wauguzi wenu wanajua haya. Sina hakika kama kuna daftari la kuyaandika.

Kuhusu sindano yenyewe: hakuna aliyemuuliza kama angekubali kumeza kidonge. Hakuna aliyetutajia jina la dawa. Siku iliyofuata, tukiwa nyumbani, shingo yake ilipinda upande mmoja ikakakamaa, ulimi ukawa mzito, macho yakapanda juu. Mama alianza kusali kwa sauti, tulidhani anatufia mikononi. Tulimkimbiza kituo kingine, na swali lao la kwanza lilikuwa: amechomwa nini? Hatukuwa na jibu. Hata hivyo daktari alitambua kwa kumtazama, akampa dawa ya kulegeza misuli, na haikupita saa moja shingo ikarudi. Akatufafanulia kwamba dawa kama haloperidol, ambayo iligunduliwa mwaka 1958, zinajulikana kuleta hali hiyo, hasa kwa vijana wa kiume. Kama ni jambo linalojulikana kwa miaka yote hiyo, kwa nini tulirudishwa nyumbani bila hata sentensi moja ya tahadhari?

Mwaka 1797, katika hospitali ya Bicêtre mjini Paris, wagonjwa wa akili walifunguliwa minyororo. Historia humtaja zaidi daktari Philippe Pinel, lakini aliyeifungua pale Bicêtre ni msimamizi wa wodi, Jean-Baptiste Pussin, ambaye hakuwa daktari na aliwahi kuwa mgonjwa hospitalini humohumo. Imepita miaka zaidi ya 200. Bendeji ni kitambaa laini kuliko mnyororo, lakini alama zilibaki mikononi mwa mdogo wangu kwa wiki mbili.

4. Tuliruhusiwa bila mtu kumuuliza kama bado anataka kufa

Nilipofika nililisema mapokezi. Nikalirudia kwa muuguzi, na asubuhi kwa daktari wa zamu. Hakuna aliyemgeukia yeye mwenyewe akamuuliza. Huenda waliogopa kwamba kumuuliza ni kumpa wazo. Wataalamu wamelichunguza hili, na kumuuliza mtu waziwazi kuhusu kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Wengi hupata nafuu kwamba hatimaye kuna aliyeuliza. Saa tisa alasiri tulikabidhiwa kipande cha karatasi kilichoandikwa "aende kliniki ya akili". Hakikuwa na tarehe, jina la mtu, wala namba ya simu.

Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021 watu 727,000 walikufa kwa kujiua duniani, na kwa wenye umri wa miaka 15 hadi 29 hiyo ni sababu ya tatu ya vifo. Mdogo wangu yuko ndani ya umri huo. Inajulikana pia kwamba kwa waliolazwa wodi ya akili, miezi mitatu ya kwanza baada ya kutoka ndiyo yenye hatari kubwa zaidi. Kwa hiyo saa ya kumruhusu mgonjwa ndiyo saa ya kumshika vizuri.

Najua mtasema fedha hakuna. Basi naomba Mkurugenzi asome kuhusu utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2008. Ulifanyika katika idara za dharura za miji mitano: Campinas nchini Brazili, Chennai nchini India, Colombo nchini Sri Lanka, Karaj nchini Irani na Yuncheng nchini Uchina. Walishiriki watu 1,867 waliofikishwa hospitali baada ya kujaribu kujiua. Nusu yao walipata huduma ya kawaida. Nusu nyingine waliongezewa mazungumzo ya saa moja kabla ya kuondoka, kisha wakapigiwa simu au kutembelewa mara tisa katika miezi 18. Katika kundi la huduma ya kawaida, waliokufa kwa kujiua walikuwa asilimia 2.2. Katika kundi lililopigiwa simu walikuwa asilimia 0.2.

Nilisoma tarakimu hizo mara tatu. Hakuna mashine mpya hapo wala jengo. Ni saa moja ya kuzungumza na simu tisa.

Upo pia utaratibu wa kuandika na mgonjwa mpango wa usalama, uliobuniwa na Barbara Stanley na Gregory Brown. Ni karatasi moja: dalili gani zinamwambia hali inaharibika, afanye nini akiwa peke yake, aende wapi penye watu, ampigie nani, na vitu vya hatari viondolewe vipi nyumbani. Utafiti wa mwaka 2018 katika hospitali za wanajeshi wastaafu wa Marekani ulionyesha kwamba waliopewa mpango huo katika idara ya dharura na kupigiwa simu baadaye walikuwa na matukio ya kutaka kujiua pungufu kwa asilimia 45 katika miezi sita, wakilinganishwa na waliopata huduma ya kawaida. Karatasi tuliyopewa sisi ilikuwa na nafasi ya kutosha kuandika haya yote upande wa nyuma.

5. Tuliambiwa siku nyingine tuanzie polisi

Hili ni fupi. Mlinzi alitushauri kwamba akichafukwa tena tumpeleke kwanza kituo cha polisi "wamshushe". Sijui kama ni agizo lenu au ni lake, na ndiyo maana nauliza. Uingereza, kwa mfano, ilibadili sheria yake mwaka 2017: mtoto wa chini ya miaka 18 anayeshikwa na polisi kwa sababu ya hali ya akili hawezi tena kuwekwa kituo cha polisi, na muda wa kumshikilia mtu kwa ajili ya uchunguzi ulishushwa kutoka saa 72 hadi 24. Mgonjwa akipitia mahabusu, akifika kwenu anafika na ugonjwa pamoja na hofu.

Waheshimiwa, ninayoyaomba ni machache, na mengi yanaweza kuanza mwezi huu.

Kila anayeletwa kwa tatizo la akili apimwe joto, mapigo, presha, oksijeni na sukari kama mwingine yeyote, na apangiwe uharaka wake kwa daraja zilezile. Anayesema anataka kufa asiachwe benchi la mwisho. Kitengwe chumba kimoja, hata kidogo, chenye taa inayozimika na nafasi ya ndugu kukaa. Walinzi na wauguzi wote wafundishwe kumtuliza mtu kwa maneno, walinzi wakiwa wa kwanza, maana ndio wanaofika mapema. Kumlaza mtu kifudifudi na kumkandamiza mgongo kupigwe marufuku kwa maandishi, na liwepo daftari la kila anayezuiwa, ambalo Bodi italikagua kila mwezi. Jina la dawa na madhara yake yaandikwe kwenye karatasi ya ruhusa. Asiruhusiwe mtu aliyetaja kufa bila kuulizwa, bila mpango wa usalama, bila tarehe ya kliniki, na bila simu ndani ya siku tatu. Anzeni na simu hiyo moja kama tisa haziwezekani.

Kwa upande wetu, naomba faili litafutwe, na tupewe jibu la maandishi ndani ya siku 30. Niko tayari kuja kuzungumza siku yoyote mtakayonipangia. Nikialikwa nitakuja na mama, na nitawasikiliza.

Mdogo wangu sasa anatibiwa kwingine. Analala. Ameisoma barua hii yote kabla ya nyinyi, akanitaka nifute sehemu mbili, nami nimezifuta. Kisha akaniomba niongeze jambo moja: mafunzo hayo yatakapoanza, mama yule wa usafi aalikwe, na alipwe kama wanavyolipwa wakufunzi wengine. Hatulijui jina lake. Usiku ule alikuwa zamu upande wa mwisho wa ukumbi, na huvaa kitambaa cha bluu kichwani.

Wenu, kwa heshima,

Dada wa mgonjwa
(Jina langu na namba ya faili mnavyo katika barua tatu zilizotangulia.)